Kamba ya Mita Ishirini

Kibiti,
6 Aprili 2025

Mwanangu Mwanabaraka,

Idi imepita na hukuonekana, nikajua mpunga umekukamata. Badru wa boti amenieleza yote pale stendi: kwamba baba yako yuko kwenye kambi ya kukata mikoko hadi mwisho wa Juni, kwamba mama yako Mashavu hawezi kulinda mashamba mawili peke yake, na kwamba wewe sasa unaishi dunguni, kwenye kibanda cha juu ya nguzo, unafukuza ndege kutwa. Nilikasirika siku nzima. Jioni nikapika uji, nikaunywa, hasira ikapungua, nikaanza kufikiri kama mwalimu.

Mambo ni haya. Kambi ya riadha ya vijana wa chini ya miaka ishirini itafunguliwa Dar es Salaam baada ya Idi ya kuchinja. Miezi sita, uwanja mwekundu wa kweli, chakula, na walimu wanaoijua michezo saba kuliko mimi. Mkoa wetu umepewa nafasi ya msichana mmoja wa michezo saba. Mmoja tu. Hakuna mashindano ya kumpata; mwalimu anajaza fomu, anaandika alama za mwanafunzi wake, anatia sahihi, na wao wanaamini sahihi hiyo. Fomu lazima itoke mikononi mwangu tarehe 24 Mei. Nina wasichana wawili wanaofaa: wewe, na Zuena wa Ngorongo, uliyelala naye kitanda kimoja yeye juu wewe chini bwenini miaka minne. Zuena nampima mwenyewe kila Jumamosi kwa tepu ya chuma. Wewe nitakufundisha kwa barua.

Usicheke. Simu huko haishiki, na mimi siji. Mimi mtu wa milima ya Umatumbi. Maji yakinifika magotini naanza kusoma shahada.

Badru anakuletea saa ya kupimia mbio, tufe la kilo nne, na kamba ya mkonge ya mita ishirini. Kamba nimeinunua mpya sokoni, nikaipima kwa ile tepu, nikafunga kitambaa chekundu cha kanga kila mita. Sentimita utazimalizia kwa rula. Kipande kilichobaki nimekifanya kamba ya kuanikia nguo.

Namba iliyoandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wangu unaijua. 5.91, mita za kuruka chini. Niliiruka Bungu nikiwa na miaka kumi na minane kama wewe sasa, kabla goti halijaniharibia mambo, na tangu siku hiyo hakuna msichana wangu aliyeifikia. Nataka uje uifute kwa mkono wako.

Niambie maji ya huko yanaendaje, nikupangie kazi.

Mwalimu wako,
Semeni

&nbsp;

Dunguni,
14 Aprili 2025

Mwalimu wangu, shikamoo.

Mzigo umefika. Tufe limekuwa mgeni wa kijiji. Huku hakuna jiwe hata la kupondea kitunguu, ardhi yote ni udongo ulioletwa na mto, kwa hiyo watu wamekuja kulipakata kwa zamu na kulirudisha kwa adabu. Nikilirusha linazama, nami nalifukua kwa mikono kila mara. Mama anasema nikimaliza nitakuwa nimemchimbia kisima.

Umeuliza maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hukimbia mbali, na ikifika saa nne asubuhi uwanda wa matope uko wazi toka kwenye mikoko mpaka nisikoona mwisho. Bahati nzuri saa hizo ndege wameshiba wamepumzika. Juu ya matope hubaki utando mwembamba wa maji, na mbingu yote huingia humo. Jana nilikimbia mita mia mbili juu ya mawingu, Mwalimu. Nilipotazama chini niliona miguu mingine inatoka chini kuja kukutana na yangu, unyayo kwa unyayo, na sikujua nani kati yetu ndiye anayekimbia.

Siku za maji mafu mambo ni mengine. Maji hayatoki sana wala hayaingii sana, na boti ya Badru haiwezi kufika kwenye mkono wetu wa mto. Siku hizo tunakuwa kama tumesahauliwa.

Mama ndiye mshika saa. Anakaa mlangoni mwa dungu, mguu mmoja unaning'inia, anaita, "Haya, nenda weye!" halafu anasahau kubonyeza. Nikirudi ninahema ananiambia, "Umekwenda vizuri, nimekuona." Namwambia, Mama, Mwalimu anataka namba. Anasema, "Mwambie nimekuona."

Mjomba Mfaume, fundi wa boti na nyavu, amenichongea mkuki na viunzi kumi vya fito. Nitafanya kila utakaloniambia.

Mwanafunzi wako,
Mwanabaraka

&nbsp;

Kibiti,
19 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimetundika kalenda ya mwezi juu ya kitanda. Majirani wanadhani nimeanza uganga.

Siku za bamvua kimbia: viunzi, mia mbili, mia nane, na kuruka chini pale matope yanapokuwa magumu karibu na ukingo. Siku za maji mafu rusha tufe na mkuki, na ruka juu. Ijumaa pumzika. Kila utakachoruka au kurusha kipime kwa kamba, na kuruka juu utumie ule ufito niliokutilia alama za misumari ulipoondoka shule.

Kiunzi usikirukie, kipite. Kichwa kisijue kwamba miguu imekutana na kitu. Kwenye mkuki mkono uchelewe, uwe wa mwisho kufika, kama mtu anayekumbushwa jambo akiwa ameshapita mlango. Wewe umelelewa na kombeo na vidonge vya udongo, bega lako linalijua hilo kuliko mimi. Mia nane ikimbie bila kisirani mpaka nusu. Kisirani kiwekee nusu ya pili.

Halafu nisikilize. Michezo saba si michezo saba. Ni mtu mmoja anayeulizwa swali moja mara saba kwa siku mbili. Ukikosea la kwanza usilibebe kwenda nalo la pili. Wachezaji wengi wamevunjwa na hilo, na mmoja wao namjua vizuri sana.

Jana mchana nilisinzia kwenye mkeka nikakuona unakimbia kwenye mbingu yako. Nilikuwa nakufuata na kamba mkononi, na kamba haikuisha.

Semeni

&nbsp;

Dunguni,
30 Aprili 2025

Mwalimu, shikamoo.

Namba hizi Mama amezipiga mwenyewe na safari hii hakusahau, kwa sababu nimemwahidi vitumbua.

Viunzi: sekunde 15.6. Kuruka juu: mita 1.51, ileile ya shule. Tufe: 11.04. Mia mbili: 26.1. Mkuki: 38.20. Mia nane: dakika mbili na sekunde 24.

Kuruka chini nimekuachia mwisho. Kamba ilikuwa imelala kwenye matope tangu alfajiri, nikakimbia kutoka upande wa jua, nikakanyaga ubao, na nikiwa hewani nilipata muda wa kusikia kuku wa jirani, mluzi wa Mama, na moyo wangu, kimoja kimoja, bila haraka. Nilipoanguka sikutaka kuinuka. Mama alikuja na rula.

6.02.

Nimelia, nakwambia kweli. Mama alidhani nimevunjika.

Mwanabaraka

&nbsp;

Kibiti,
4 Mei 2025

Mwanangu, mwanangu, mwanangu!

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimeingiza namba zako kwenye jedwali la alama mara tatu. 4,655. Zuena, ambaye anajituma mpaka namwonea huruma, ana 4,210. Kuruka juu tu ndiko kulikogoma, mengine yote yamepaa kama yaliyokubaliana. Sijui delta ina nini. Labda ni hayo matope, labda ni samaki.

Sita na mbili! Nimekwenda nyuma ya mlango nikaitazama ile 5.91 nikaicheka usoni.

Nimeijaza fomu yako kwa wino. Bado kusaini. Usiku wa kuamkia leo niliota uwanja mwekundu, umeloa mvua, na wewe unauzunguka peke yako, na kila ulipopita mpunga ulikuwa unaota nyuma yako. Niliamka nina furaha mpaka nikaona aibu, mtu mzima mimi.

Semeni

&nbsp;

Dunguni,
7 Mei 2025

Mwalimu wangu, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Mama ameniomba nimsomee mara mbili ile sehemu ya mpunga kuota uwanjani.

Huku tuko salama. Kiboko aliingia shamba la chini juzi akalala katikati kama mwenye shamba, tukagonga masufuria mpaka akaondoka. Mjomba Mfaume alipita kututazama. Alisimama kwenye uwanja wangu, akaitazama kamba, akacheka kidogo, akaenda zake.

Nilitaka kukuuliza. Mtu akiwa anaota jambo zuri sana, ni vizuri kumwamsha, au umwache aamke mwenyewe?

Na Zuena hajambo? Bado anakula maembe mabichi kabla ya kukimbia?

Mwanabaraka

&nbsp;

Kibiti,
11 Mei 2025

Mwanabaraka,

Zuena hajambo. Maembe yameisha, sasa anakula ukwaju.

Hapa mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Leo asubuhi nilitoka uani nikakuta kamba yangu ya kuanikia imekaza mpaka nguzo moja imeinama, na kanga zangu ziko juu siwezi kuzifikia. Kabla ya mvua hii ilikuwa imelegea inagusa majani. Nimeistaajabia sana, nikaitazama muda mrefu kuliko mtu mwenye akili anavyoitazama kamba ya nguo.

Ile niliyokupa ikoje?

Kuhusu kuota, mimi ningependa niamshwe na ninayemwamini.

Semeni

&nbsp;

Dunguni,
14 Mei 2025

Mwalimu, shikamoo.

Kamba ni nzima. Haijakatika popote.

Bamvua la safari hii lilikuwa zuri. Nimekimbia sana lakini sikupima.

Mama anakusalimu.

Mwanabaraka

&nbsp;

Kibiti,
24 Mei 2025

Mwanabaraka,

Leo nimetia sahihi na fomu imeondoka na gari la saa nne. Nimeandika jina la Zuena.

Nimekungoja siku kumi kwa neno moja. Hukulileta. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba mpunga unahitaji watu na wewe ni mtoto mwema kwa mama yako.

Saa na tufe mpe Badru akipata nafasi.

S. Matimbwa

&nbsp;

[Juu ya bahasha, kwa kalamu ya risasi: *Mwalimu samahani sana. Maji yalikuwa mafu, boti haikuingia wala kutoka mkono ule. Nimeichukua barua hii kwao tarehe 25. Badru.*]

Dunguni,
18 Mei 2025

Mwalimu wangu mpenzi, shikamoo tena na tena.

Ninaandika haraka kwa sababu maji yanazidi kufa, na ninaomba Mungu boti ya Badru iwahi kuja kabla mto haujafunga.

Kamba yako imepungua, na ndiyo niliyopimia hata umbali wa mbio. Mjomba Mfaume alivyocheka siku ile nilimfuata mpaka kwenye boti anayoitengeneza, nikamwuliza anacheka nini. Akaniambia, "Mkonge mpya haupimiwi kitu, mwanangu. Unalazwa majini siku tatu, unakauka, unavutwa, ndipo unakuwa kamba. Hiyo yako ikinywa maji inajikunja. Huku nani asiyejua?"

Kweli, Mwalimu, huku nani asiyejua? Nimezaliwa katikati ya nyavu. Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kukanyaga kamba mpya ndani ya maji zisielee. Ingekuwa kamba ya mtu mwingine yeyote ningeilowesha siku ileile. Lakini ilitoka kwako, ina vitambaa vya kanga yako, na mimi niliona kamba ya Mwalimu haiwezi kukosea. Hata nilipoona vitambaa vimesogeleana nilisema macho yangu ndiyo yana makosa.

Hilo ni kosa la kwanza na naweza kulisamehe. La pili siwezi. Tangu tarehe 5 Mei najua, na barua ya tarehe 7 niliianza nikikwambia nikaichana. Ulikuwa umefurahi mno. Sijawahi kumfurahisha mtu kiasi kile. Halafu ukaniuliza wazi, kamba ikoje, nikakujibu kama wakili. Usiku huo dungu lilikuwa kama linaelea na mimi ndani yake sina pa kushuka.

Usisaini jina langu. Zuena amepimwa kwa chuma, na mwakani atakuwa ametimiza ishirini, hana mwaka mwingine. Mimi sijui nina ngapi za kweli, lakini zangu si zile.

Ukinikasirikia nitastahimili, ila usiache kuniandikia.

Mwanabaraka

&nbsp;

Kibiti,
28 Mei 2025

Mwanangu Mwanabaraka,

Nimesoma tarehe. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yenyewe. Tarehe kumi na nane. Siku sita kabla sijatia sahihi wewe ulikuwa umeshasema, na mimi nilikuwa hapa nakuhukumu kwa kosa la mto. Nisamehe kwa barua ile ya baridi. Jina la ukoo nililitia ili uumie.

Sasa nikuambie yangu, maana wewe umelipa na mimi bado.

Mimi nilijua tangu tarehe 11 Mei. Baada ya kuona kamba ya nguo nilinunua kipande kingine kipya cha mkonge uleule, nikapima mita ishirini kavu, nikakilaza kwenye pipa la mvua. Asubuhi kilikuwa mita kumi na nane na sentimita sabini. Nikakaa na jedwali nikaanza kukushusha, mchezo mmoja baada ya mwingine, na kila nilichofuta kiliniuma. 4,655 zikawa 4,040. Kuruka juu peke yake hakukushuka, kwa sababu kulipimwa kwa ufito, na mwalimu mwenye akili angelistuka siku ya kwanza. Badala ya kukwambia, nikakutega na swali, nikangoja uanguke. Na fomu yako yenye wino sikuichana. Niliikalia siku kumi na tatu. Kuna siku mbili humo, mwanangu, nilizokuwa nakaribia kuisaini hivyohivyo. Sikuisaini, lakini usidhani nilikuwa mbali.

Kilichonizuia si uadilifu tu. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu.

Goti langu halijawahi kuuma. 5.91 niliiruka Bungu masika ya mwaka 1993, majani yameloa, na mwalimu wetu akapima kwa kamba ya mkonge iliyolala nje tangu jana yake. Shule nzima ilinibeba. Mwezi wa nane, kiangazi, nikapelekwa Dar kwenye mchujo. Nikaruka mara tatu, wakapima kwa chuma: 5.47, 5.50, 5.49. Nilidhani nimeingiwa na woga. Nilidhani mji umenipokonya nguvu, na kwamba mimi ni mtu anayeweza pale tu pasipo na watu. Nilirudi nikazua habari ya goti, na sijaruka tena. Nimekuwa mwalimu mkali miaka thelathini kwa sababu ya mwoga yule niliyedhani yumo ndani yangu.

Jana, nikiwa na barua yako mapajani, nikaishusha 5.91 kama nilivyozishusha zako. Kamba ile si hii, lakini mkonge ni mkonge. Inatoka 5.52.

5.52, Mwanabaraka. Na Dar niliruka 5.50. Sikuwa mwoga. Niliruka kama nilivyokuwa naruka siku zote, mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyekuwepo wa kuniambia. Nililia mpaka Salima wa jirani akaja na maji ya kunywa.

Ningekupeleka Dar na 6.02 yako mfukoni wangekupima 5.60 na kitu, ukadhani umeharibika, ukarudi na goti lako. Umejiokoa mwenyewe, na mimi umeniokoa pia, nimechelewa lakini nimeokoka.

Ile namba ya nyuma ya mlango nimeifuta. Nakutumia tepu ya chuma ya kwangu. Saa na tufe kaa navyo. Kama mwakani kutakuwa na kambi sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Ruka, pima, uniandikie kweli hata ikiwa nne.

Mwalimu wako,
Semeni

&nbsp;

Dunguni,
15 Juni 2025

Mwalimu wangu, shikamoo.

Mpunga wa juu tumeshavuna, wa chini bado wiki moja. Baada ya Idi Zuena aliniandikia kutoka Dar. Anasema uwanja mwekundu unaunguza nyayo na kwamba usiku anaota ukwaju. Nimemfurahia, halafu nimekaa kidogo nikajionea huruma, halafu nimekwenda kufukuza ndege.

Tepu yako sikuigusa siku nyingi. Niliitundika dunguni, ikawa inalia ting, ting, upepo ukija. Jana bamvua lilipokuwa linaisha nilishuka. Mama alishika mwanzo, Mjomba Mfaume akashika mwisho, na wote wawili waligombana kuhusu sifuri iko wapi. Nilikimbia kutoka upande wa jua kama siku ile. Safari hii hewani sikusikia kitu, wala kuku wala moyo. Kulikuwa na kimya kizuri, kama mtu ananisubiri mbele.

5.61. Tumepima mara nne.

Si ile niliyoililia Aprili. Lakini nikiigusa haisogei. Na kwa hesabu ya chuma nimekupita kwa sentimita kumi na moja, nakuomba radhi kwa hilo.

Mwalimu, alama ya visigino vyangu ipo, juu kwenye ukingo ambako maji mafu hayafiki. Nimeizungushia vijiti vya mkoko watoto wasikanyage. Bamvua la tarehe 25 litaifuta. Nilikuwa nimefikiri uje na boti uione, kisha nikakumbuka kwamba maji yatakayoweza kukuleta mpaka kwetu ndiyo hayohayo yatakayoiondoa. Kwa hiyo nakueleza tu ilivyo. Kisigino cha kushoto kimetangulia kidogo. Kuna gamba la kaa kando yake.

Mwanabaraka

&nbsp;

Nyamisati,
19 Juni 2025

Mwanangu,

Nimekaa kwenye gunia la mkaa, namngoja Badru anywe chai. Nimevaa maboya mawili, moja kifuani moja mgongoni, na watu wanapita wananiamkia kwa heshima kubwa mno, nadhani wanajizuia kucheka.

Badru anasema kwa maji haya boti itaniacha kwenye mto mkubwa, na kuja kwenu nitatembea kwenye matope nusu saa, mahali pengine mpaka mapajani. Nimemwuliza kama mtu wa milimani ataweza. Kanitazama miguu, kaniambia, "Mwalimu, si unasema una goti bovu?" Nimemwambia magoti yangu yote mawili ni mazima.

Usimruhusu mtu kugusa vile vijiti. Nataka nisimame pale alama yako ilipo, nigeuke, nitazame ulikotokea.

Barua hii sikumpa Badru. Nimeikunja nikaifunga kwenye ncha ya kanga, nimeipandisha juu ya kichwa isilowe, naileta mwenyewe. Ukiisoma, jua nimefika.

Semeni